Watibiwe Pamoja

Kwa habari ya hospitali za magonjwa ya akili, milima ya Usambara ina historia ndefu kuliko karibu sehemu yoyote ya Afrika Mashariki. Kule Lutindi, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwishoni mwa karne ya 19 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia mwaka 1904 hivi majengo yaleyale yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, zaidi ya miaka 20 kabla ya Waingereza kufungua Mirembe mjini Dodoma mwaka 1927. Lutindi ipo hadi leo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na wagonjwa wake hutibiwa kwa dawa na pia kwa kazi za mikono na za shamba. Kilomita chache kutoka mjini Lushoto yapo makao ya watoto ya Irente, yaliyoanzishwa na kanisa hilohilo mwaka 1967, yanayolea watoto wachanga waliofiwa na mama zao au ambao jamaa zao, kwa sababu moja au nyingine, hawawezi kuwalea. Wengi hurudishwa kwa ukoo wao wakishafikisha miaka miwili mitatu. Huduma zote mbili zinastahili heshima, na aliyewahi kumlea mtoto mchanga asiye na mama anajua uzito wake. Lakini ukizitazama kwa pamoja unaona mgawanyo ambao hakuna aliyekaa akaupanga: mtu mzima anayeumwa akili ana pa kupelekwa, na mtoto mchanga asiye na mlezi ana pa kupelekwa. Yupo mama mwingine, yuko kwake milimani, Mlalo au Mgwashi, hajarukwa na akili, hajamtelekeza mtoto, anamnyonyesha na kumbeba kila siku, ila moyoni hana tena hamu ya kitu chochote. Huyo hana mlango wake, na mtoto aliye mgongoni mwake hana pia.

Mama wa namna hiyo haendi zahanati akasema ana sonona. Husema kichwa kinamgonga, mwili umechoka, moyo unamwenda mbio, usingizi hauji hata mtoto akiwa amelala. Au husema tu kwamba ana mawazo. Hupimwa malaria, hupimwa wingi wa damu, hupewa panadol na vidonge vya kuongeza damu, akaenda zake. Tusichanganye hali hii na machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua, ambayo huwapata wanawake wengi na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Sonona hukaa. Hula hamu ya chakula, ya kazi, ya kuongea na jirani, na mwisho hula hata furaha ya kumwona mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 16 ya wajawazito na karibu asilimia 20 ya waliojifungua wana tatizo la afya ya akili, na sonona ndiyo inayoongoza. Tafiti za Tanzania zinatoa picha inayotofautiana kwa kipimo kilichotumika na wakati wa kupima: Mwanza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, theluthi moja ya wajawazito walikuwa na dalili zake; Moshi, kati ya wanawake zaidi ya 1,000 waliofuatiliwa hadi baada ya kujifungua, walikuwa takriban asilimia 12, na waliofanyiwa ukatili na wenzi wao walikuwa katika hatari mara tatu zaidi. Hata tukichukua ile namba ndogo ya Moshi, kwenye benchi la kliniki lenye kina mama 30 watatu au wanne wanaumwa.

Na benchi hilo ndilo linaloonyesha tatizo lilipo. Siku ya kliniki kina mama wa milimani hufika mapema, wengine wamepanda na kushuka mabonde mawili, watoto wamefungwa mgongoni kwa kanga na kuvalishwa sweta na kofia ya sufu kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai. Mtoto huvuliwa, huvalishwa ile kaptula ya kupimia, huning'inizwa kwenye mzani, hulia. Muuguzi husoma kilo, hutia nukta kwenye kadi, hutazama kama nukta imeangukia kwenye kijani, kijivu au nyekundu. Kama ni wiki ya chanjo mtoto huchomwa sindano, mama huambiwa tarehe ya kurudi, huitwa anayefuata. Kazi hii imeokoa maisha ya watoto wengi na sina nia ya kuibeza. Lakini muuguzi hana mahali pa kuandika kwamba mtoto alipochomwa hakumtafuta mama yake kwa macho, wala kwamba mama alimpokea kutoka kwenye mzani kama mtu anayepokezwa kikapu cha karoti, bila kumtazama. Mtoto ana kadi, mama ana yake. Kinachopita kati yao hakina kadi. Hoja yangu ni kwamba hapo katikati ndipo ugonjwa unapofanya madhara yanayodumu, na kwa hiyo hapo ndipo tiba inapotakiwa kuingia.

Ili kuona kwa nini, inabidi kuelewa mtoto mchanga anaishije. Hazaliwi akijua kujituliza. Akiogopa, akiumia, akichoka, hutegemea mtu mwingine amshike, amsemeshe, amrudishe katika utulivu, na kwa kufanyiwa hivyo mara maelfu hujifunza kwamba dunia ina pa kukimbilia. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wa miezi michache, kisha kwa dakika chache wawatazame bila kubadilisha uso wala kutoa sauti. Mtoto kwanza hutabasamu, kwa sababu tabasamu huwa linafanya kazi. Lisipofanya kazi hupiga kelele, hurusha mikono, huinama mbele. Mwisho hugeuza uso na kunywea. Katika jaribio lile mama alirudi kucheza na mambo yakaisha. Mama mwenye sonona huwa na uso huo bila kukusudia, si kwa dakika chache bali kwa miezi. Wengine huwa kinyume chake, wakali na wenye pupa, wakimvuta mtoto na kumlisha kwa nguvu, kwa sababu sonona nayo ina sura yake ya hasira. Mtoto hujirekebisha kadiri awezavyo: anaacha kuomba. Majirani humsifu kwamba ni mpole, hasumbui. Naye mama, akimwona mtoto asiyemchekea, hupata ushahidi wa kile ambacho sonona ilikuwa inamnong'oneza tangu mwanzo, kwamba yeye si mama wa maana. Hapo ugonjwa umepata watu wawili wa kuulisha, kila mmoja bila kujua.

Mtu anaweza kusema: basi mtibu mama, akipona uso utarudi na mtoto atapona naye. Ni wazo la busara, na kwa bahati nzuri limepimwa. Mwaka 2008 daktari Atif Rahman na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, ambako wahudumu wa afya wanawake wa vijijini, wasio wataalamu wa akili, walifundishwa kuwatembelea na kuzungumza na wajawazito wenye sonona kwa utaratibu maalumu. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, ilhali katika kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 53. Watoto waliharisha mara chache zaidi na walikamilisha chanjo zaidi. Shirika la Afya Duniani liliuchukua mpango huo na kuusambaza. Lakini watafiti waliporudi kuwapima watoto wale walipokuwa na umri wa miaka saba hivi, hawakukuta tofauti katika akili, tabia wala ukuaji kati ya waliotibiwa mama zao na wasiotibiwa. Nchini Marekani pia, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mama waliotibiwa sonona kwa mazungumzo walipata nafuu ya kweli, ila uhusiano wao na watoto haukurudi kuwa sawa na wa mama wasioumwa. Sababu haihitaji elimu kubwa. Mtoto aliyeacha kuomba kwa miezi minane hawezi kujua kwamba sasa mama anaweza kujibu, na mama aliyepona anaanza kumlea mtoto asiyemfahamu.

Tiba ya pamoja huanzia hapo. Selma Fraiberg, aliyefanya kazi hiyo Michigan katika miaka ya 1970, alikuwa akiwafuata mama na watoto majumbani kwao, akikaa nao jikoni, mtoto akiwapo muda wote. Vitu vinavyotumika ni vichache: mkeka, mtoto, mama, mtu wa tatu aliyefunzwa kutazama, na saa moja. Huyo wa tatu hamfundishi mama jinsi ya kulea. Humsikiliza kwanza: analalaje, nani anamsaidia, alilelewaje yeye mwenyewe. Wakati huohuo jicho lake liko kwa mtoto. Mtoto akigeuza kichwa aliposikia sauti ya mama, husema, ameijua sauti yako, umeona? Akinyoosha mkono kushika kanga, hungoja kidogo kuona kama mama atauona mkono huo, na asipouona humwonyesha. Siku hizi wako wanaorekodi dakika chache kwa simu na kumrudishia mama kipande kile tu ambacho mtoto alimtazama naye akajibu, kwa kuwa mama mwenye sonona hukumbuka makosa yake yote na hakumbuki hata jema moja. Mjini Rochester, Marekani, watafiti walifanya tiba ya aina hii kwa mama waliougua sonona kali na watoto wao wa umri wa kuanza kutembea; mwisho wake karibu theluthi mbili ya watoto walikuwa wanamkimbilia mama kwa kujiamini wanapotishika, wakati kwa wale wasiopata tiba hawakufika hata mmoja kati ya watano.

Rochester ni mbali, na ina wanasaikolojia wenye shahada ya uzamivu. Lakini Khayelitsha, kitongoji cha maskini nje ya Cape Town, haina. Huko, mwaka 1999, watafiti walikuta zaidi ya theluthi moja ya mama wana sonona miezi miwili baada ya kujifungua. Peter Cooper, Mark Tomlinson na wenzao wakawachukua wanawake wa kitongoji chenyewe, wakawafunza, wakawatuma kuwatembelea majirani zao mara 16, kuanzia mwisho wa ujauzito hadi mtoto afike miezi sita. Kazi yao kubwa ilikuwa kumwonyesha mama uwezo wa mtoto wake: kwamba anafuata uso, kwamba ana namna yake ya kusema nimechoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: mama wakawa wepesi wa kuwaelewa watoto na wapole kwao, na watoto walipofika mwaka mmoja na nusu, asilimia 74 walikuwa na uhusiano wa kujiamini na mama zao, dhidi ya 63 kwa wengine. Tofauti si ya miujiza, lakini ilipatikana kwa miguu ya majirani. Karibu nasi zaidi ni Lira, kaskazini mwa Uganda, wilaya ya wakulima iliyotoka katika miaka ya vita. Daisy Singla, Elias Kumbakumba na Frances Aboud walichapisha mwaka 2015 matokeo ya vikao 12 vya vikundi, vilivyoongozwa na wanakijiji waliofunzwa, kwa mama wenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Walicheza na watoto kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani, wakazungumzia chakula na usafi, na wakatenga nafasi ya mapenzi na heshima: kwa mtoto, kwa mwenzi, na kwa nafsi ya mama mwenyewe. Akina baba walialikwa kwenye baadhi ya vikao. Dalili za sonona kwa mama zilipungua, na watoto walipanda katika kufikiri na kuelewa lugha, vyote kwa mpigo mmoja.

Uaminifu unadai kusema pia mipaka. Katika Lira urefu wa watoto haukubadilika. Khayelitsha, uhusiano uliboreka lakini idadi ya mama wenye sonona kamili haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Tathmini ya mwaka 2015 ya shirika la Cochrane, iliyokusanya tafiti nane za tiba ya mzazi na mtoto mchanga, ilikuta watoto wanafaidika katika kujihisi salama, ila haikuona mama wakipata nafuu ya sonona kuliko wengine, na ilikiri kwamba ubora wa ushahidi ulikuwa hafifu. Mimi nalisoma jambo hili hivi: kumtibu mama peke yake kunamwacha mtoto nyuma, na kushughulikia uhusiano peke yake kunaweza kumwacha mama nyuma. Tiba ya pamoja inayostahili jina hilo ni ile inayobeba vyote viwili, yaani mazungumzo na msaada kwa mama, dawa pale inapobidi, na kazi ya mkekani na mtoto, kwa mtu yuleyule na siku ileile. Lira ilifaulu pande zote mbili kwa sababu haikumfanya mama kuwa chombo cha kumfikia mtoto.

Pingamizi linalosikika haraka zaidi ni kwamba haya ni mambo ya Wazungu: mtoto wa Kiafrika hulelewa na ukoo, hubebwa mgongoni siku nzima, hana haja ya mtaalamu wa kumfundisha mama kucheza naye. Pingamizi hili lina upande wake wa kweli, na wapo wasomi wakubwa waliolisimamia. Robert LeVine na wenzake waliishi na Wakisii wa Kenya katika miaka ya 1970 wakaona kwamba mama wa Kikisii hawakuwa wakiwapigisha soga watoto wachanga wala kukodoleana nao macho kama mama wa Boston, na watoto walikua vizuri tu. Mpango wowote utakaokuja Lushoto na mwongozo wa kumtaka mama amtazame mtoto machoni na kumchekea kwa dakika kadhaa kila siku utakuwa umekosea mlango. Lakini soma zaidi LeVine: mama wa Kikisii waliitika kilio cha mtoto haraka kuliko wale wa Boston. Kilichotofautiana ni namna ya kujibu, si kujibu kwenyewe. Na sonona huua kujibu, kwa uso au kwa mgongo. Tena elimu yenyewe ya uhusiano wa mama na mtoto ina mizizi huku kwetu kuliko watu wanavyodhani. Mary Ainsworth aliikusanya kwanza katika vijiji vya Buganda mwaka 1954 na 1955, kwa kuwatembelea mama 26 na watoto wao, kabla hajaipeleka maabara huko Baltimore.

Kwa upande wa Wasambaa, wenyeji wa milima ya Usambara, mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti milimani huko tangu miaka ya 1960, ameeleza kwa kirefu jinsi mgonjwa asivyokuwa mtu wa kujipeleka mwenyewe kwa tabibu. Jamaa hukaa, hupima, huamua aende wapi na nani aandamane naye, na mara nyingi uchunguzi hugusa nani hapatani na nani. Kumtibu mtu pamoja na uhusiano wake, kwa hiyo, si ugeni Usambara. Iliyo ngeni zaidi ni ile foleni ya zahanati inayomchukulia kila mmoja kivyake. Somo la vitendo ni kwamba bibi hawezi kuachwa nje ya mkeka. Mama mkwe akiona mkwewe anaambiwa apumzike na acheze na mtoto wakati mahindi yanangoja palizi, anaweza kuuvunja mpango wote kwa sentensi moja. Akishirikishwa, yeye ndiye atakayekuwa uso wa pili wa mtoto katika siku ambazo mama hawezi. Ukoo hulinda, lakini haulindi kila mtu: mama anayezama katika sonona mara nyingi ni yule aliyeolewa mbali na kwao, au ambaye mume yuko Dar es Salaam na mzigo wa kabichi na harudi kwa tarehe aliyoahidi.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza: mwanamke huyu haumwi, ni maskini na anapigwa, mpe kipato na mtoe kwenye kipigo, mengine yatajinyoosha. Ushahidi wa Moshi nilioutaja unaunga mkono nusu ya maneno haya, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayependekeza kumkalisha mkekani na mtoto mama anayerudi jioni kwa mtu anayempiga, kisha kuiita hiyo tiba. Mfumo wowote wa tiba ya pamoja usiouliza habari za nyumbani, na usiojua njia ya dawati la jinsia polisi na ya ofisi ya ustawi wa jamii, ni hatari. Hata hivyo mama wa Lira hawakupewa fedha, na walibaki maskini, lakini walipata nafuu. Sonona inachosha ule uwezo uleule ambao maskini anauhitaji zaidi: kuamka, kupanga, kukopa, kwenda kikao cha vikoba, kubishana na mchuuzi pale Soni kuhusu bei ya viazi. Ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini inayoingia katika nyumba ambayo anayeipokea hawezi kuinuka kitandani hufanya kazi nusu. Tusilazimishwe kuchagua.

Nakubaliana zaidi na wanaohofia kwamba tiba hii itageuka kuwa fimbo nyingine ya kumchapia mama. Huku kwetu fimbo hizo si chache. Mtoto akidhoofu, utasikia amebemendwa, kwamba mama ameingia kwa mwanamume ilhali ananyonyesha, na aibu hiyo humfanya mwanamke aruke kliniki miezi mitatu ili kadi isionwe. Ukimwongezea na habari kwamba uso wake umemharibu mtoto, umemsukuma shimoni. Kwa sababu hiyo mafunzo ya wahudumu lazima yaanze na jambo moja lililo gumu kwa watu waliozoea kutoa maelekezo: kutafuta kile ambacho mama anakifanya vizuri na kukitaja kabla ya kingine chochote. Wahudumu wa Khayelitsha walifanya kazi kwa njia hiyo. Na ukweli wa kisayansi unawaunga mkono, kwa kuwa mtoto hahitaji mama anayejibu kila mara. Tronick mwenyewe alionyesha kwamba hata mama wasioumwa hukosana na watoto wao mara nyingi sana, na kwamba kinachojenga ni kurudiana.

Swali la nani atafanya kazi hii lina jibu rahisi kuliko lilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno na hawatafika vijiji kama Mtae. Lakini Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kufikisha wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, na tangu Desemba 2021 ipo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile inayofupishwa MMMAM, ambayo inataja malezi yenye mwitikio kuwa moja ya nguzo zake. Kinachokosekana ndani yake ni kukiri wazi kwamba mama mwenye sonona hawezi kutoa mwitikio kwa kuhimizwa. Ratiba ya chanjo tayari inamleta mama mbele ya muuguzi wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na wa 18. Maswali mawili tu, kama kwa wiki mbili zilizopita amekosa hamu ya mambo na kama amekuwa mnyonge wa moyo, yanachukua dakika moja. Akijibu ndiyo, mhudumu wa kijiji anaanza kumtembelea, na kikundi cha mkekani kinamngoja. Wasiwasi wangu uko kwingine. Wahudumu hawa tayari wanabebeshwa malaria, kifua kikuu, uzazi wa mpango na vyoo. Mhudumu asiyelipwa kwa wakati, asiye na msimamizi wa kumsikiliza yeye mwenyewe baada ya kusikia habari za huzuni wiki nzima, atajaza fomu na ataacha kutazama watoto. Usimamizi ndio unaogharimu, na ndio unaokatwa kwanza bajeti ikibana.

Wako pia mama ambao mkeka hautawatosha: anayesikia sauti zinazomwamuru amdhuru mtoto, anayesema waziwazi kwamba anataka kufa. Hao wapelekwe hospitali siku hiyohiyo, wapewe dawa, na daktari aamue ipi inafaa kwa anayenyonyesha. Ila hata hapo si lazima mtoto abaki mlimani kwa shangazi. Uingereza ilianza kuwalaza mama na watoto wao pamoja katika hospitali ya Cassel mwaka 1948. India, ambayo hali zake zinafanana na zetu zaidi, ilifungua wodi ya kwanza ya aina hiyo katika taasisi ya afya ya akili ya NIMHANS mjini Bengaluru mwaka 2009, na iliokoa gharama kwa kumtaka ndugu wa kike alale pamoja na mama na kusaidia kumtunza mtoto. Hospitali zetu zimezoea jamaa anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa na kupika uani. Ni mtaji ambao Ulaya haina. Lutindi yenye uzoefu wa zaidi ya karne moja, hospitali ya Bumbuli na ile ya wilaya ya Lushoto hazihitaji jengo jipya ili kuanza. Chumba kimoja chenye mlango unaoonekana kutoka meza ya muuguzi, vitanda viwili, bibi au dada aliyekubali kukaa, na kanuni iliyoandikwa kuhusu nani anamshika mtoto usiku hadi mama atakapotulia, vinatosha kwa wagonjwa wa kwanza.